Macho ya Adabu

Mimi Vero hasira zangu ziko karibu, nasema mapema asije mtu akanisemea. Na hapa Bugene hakuna aliyewahi kunitia hasira kama wifi yangu Laurensia, mke wa kaka yangu Cleophace. Si kwamba alikuwa mbaya. Mtu mbaya unamjua, unamkwepa, maisha yanaendelea. Huyu alikuwa haeleweki.

Chukua asubuhi yoyote ya kawaida. Tumekaa uani tunachagua maharage ya mbegu. Laurensia ameinama mpaka pua inakaribia ungo, vidole vinakimbia, na punje yenye katundu ka fukusi, katundu ambako mimi sikaoni hata nikionyeshwa, yeye ameshaitupa pembeni. Mama yetu, Anatolia, akitaka kutunga uzi kwenye sindano anamwita yeye. Mtu akichomwa na mwiba, anaitwa yeye. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndiye anayenyonyoa mbawa na miguu bila kubakiza hata kipande. Haya. Jua likipanda anachukua ndoo kwenda kisimani, njiani anapishana na baba mkwe wake, mtu mrefu, mwenye koti la kahawia analojulikana nalo mpaka Kayanga, na Laurensia anampita kimya kama amepishana na mgomba.

Baba yetu, Mzee Placidius, ni mzee wa kanisa katika usharika wetu, na kwake salamu ni chakula. Kwetu mkwe akimwona baba mkwe, hata akiwa ng'ambo ya bonde, anatua mzigo, anapiga magoti, anaamkia. Kama sauti haikufika, basi, lakini watu wamemwona. Laurensia alikuwa anasubiri asogelewe. Zikibaki hatua chache ndipo anashtuka, anaporomoka magotini na "Shikamoo baba!" ya mtu aliyefumaniwa. Baba akawa anasema anafanyiwa kejeli.

Na kilichotuchanganya ni kwamba baba mwenyewe ndiye aliyemchagua. Alikwenda Kimuli kwa mambo ya kahawa, akapita kwa mtu mmoja anaitwa Cassian, akaletewa maji ya kunawa na binti wa nyumba ile. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake akatuambia, "Nimempata mke wa Cleophace. Tangu nilipoingia mpaka nilipotoka, yule binti hakuinua macho hata mara moja." Kwetu msichana anafundishwa hivyo, asimkodolee mtu mzima macho. Basi tukashangilia. Akaletwa, akazaa binti, Ainebyona, na mtoto naye akatoka vilevile: hajaanza shule, anashinda jikoni na mama yake akijifunza kusuka vikapu, kichwa chini, kila mgeni anamsifu. Sasa nieleze mimi, adabu iliyomwingiza mtu nyumbani inageukaje kuwa majivuno, na macho ni yale yale?

Watu hawakukosa majibu. Majirani walisema Cassian naye kule Kimuli anajulikana kwa kiburi, anapishana na watu nje ya kanisa kama hawapo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kaka yangu Cleophace, ambaye anabeba mizigo kwa pikipiki kati ya huku na Murongo na kurudi nyumbani Jumamosi, alinivuta siku moja nyuma ya zizi.

"Vero, nikiwa barabarani nampungia mkono. Anageuka, ananitazama kabisa, halafu anaendelea na kazi yake. Ana mtu?"

"Mtu gani, na yuko jikoni kutwa?"

"Basi kwa nini ananitazama kama hanijui?"

Nikamwambia akanunue pikipiki yenye kelele zaidi. Lakini usiku ule na mimi niliwaza, maana kweli alikuwa akitazama. Angekuwa hatazami ningeelewa.

Kisha ikaja siku ya kahawa.

Jirani yetu Rwegasira na baba walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, mpaka wakanunua makoti ya kahawia mnadani, kutoka mzigo mmoja wa mtumba, wakawa wanatembea nayo kama mapacha. Halafu mpaka wa vibanja vyao vya migomba ukaleta maneno. Milamula, ile miti tunayopanda kuonyesha mpaka, ilihama, au haikuhama, inategemea unamuuliza nani. Hawakusalimiana muda mrefu. Mwishowe wazee wa usharika wakawaweka kikao cha kupatana, kwetu, sebuleni.

Mgeni wa heshima kwetu anapewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo. Mke wa nyumba anaingia nacho, anapiga magoti, anaanza na mkubwa wa nyumba. Mkubwa akishachukua, ndipo anawapitishia wengine. Hilo halina mjadala, hata mtoto analijua. Anayepewa kwanza ndiye mwenye mji.

Baba siku ile alikuwa amempisha mzee mmoja mgonjwa kwenye kiti chake, akakaa kwenye benchi dirishani. Rwegasira alikaa karibu na kiti cha baba. Wote wawili wamevaa makoti yao. Laurensia akatoka juani akaingia ndani, kikapu mikononi, macho chini kama alivyofundishwa, akaenda moja kwa moja akapiga magoti mbele ya Rwegasira.

"Waitu baba, karibu kahawa," akasema, kwa neno letu la heshima na kwa sauti nzuri kabisa.

Rwegasira, kwa kuwa naye ni mshenzi kidogo, akachukua buni moja, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu akimtazama baba. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mkweo anaujua mpaka, Placidius."

Kikao kilikufa hapo hapo. Baba alifoka, akatoka bila kofia. Laurensia alibaki magotini na kikapu chake, akigeuza uso huku na huku kutafuta sauti ya baba inatokea wapi, na mimi nilipomnyanyua kwa mkono, kwa nguvu, aliniuliza kwa kunong'ona, "Wifi, nimefanya nini?" Nilitamani kumzaba kofi. Nilidhani anaigiza.

Jioni baba alitoa neno. Jumapili ya wiki inayofuata ukoo utakaa, na Laurensia atarudishwa kwao Kimuli. "Anaona punje mbovu kwenye ungo, mimi mtu mzima hanioni! Huyo si kipofu. Ananidharau." Kisha akaongeza lile lililomuumiza Laurensia kuliko yote: "Mtoto anabaki. Ni wa ukoo wetu, na ana adabu ya kwetu."

Laurensia alilala na Ainebyona mgongoni, kama mtu anayejiandaa kukimbia, na Cleophace aliporudi kutoka Murongo alimkuta hivyo. Alikaa mlangoni kutwa nzima bila kuwasha pikipiki. Alimpenda mkewe, lakini hakujua amtetee kwa hoja gani. Wala mimi. Nilikuwa na hasira naye na bado nikimwona anakunja nguo za mtoto nalia.

Katikati ya wiki ile tangazo la kanisani likatimia: watu wa macho walikuja kwenye ukumbi wa usharika. Mama alikuwa akiwasubiri kwa hamu, kwa sababu siku hizi kitabu cha nyimbo anakishika kwa mkono ulionyooka, na mkono umeanza kuwa mfupi. Laurensia alimsindikiza kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi yake, ukoo ukae usikae. Mimi nilikwenda kwa kuwa sipendi mambo yanitokee nyuma.

Mtaalamu alikuwa dada mmoja mchangamfu, Uwimbabazi, mwenyeji wa Kyerwa. Alitundika ukutani karatasi yenye alama za vijiti vitatu vinavyoelekea huku na kule, kubwa juu, ndogo chini, na mtu anaonyesha kwa mkono vinakoelekea. Mama akaonyesha zote mpaka za chini. Kwa karibu, hakuona herufi hata moja.

"Huo ni umri, mama," Uwimbabazi akamwambia. "Lenzi ya jicho imekakamaa, haijikunji tena kwa vitu vya karibu. Inatufika sisi sote." Akamvika miwani, na mama akasoma ubeti mzima wa wimbo kwa sauti kubwa hadi watu wa nje wakaitikia.

Wakati huo Laurensia alikuwa amesimama nyuma, na Uwimbabazi akamwona anakunja kope kuutazama ukuta. Akamwita akae. Wifi yangu akakaa. Akaambiwa aonyeshe alama ya juu kabisa, ile ambayo hata mbuzi angeiona.

"Ipi?" akauliza.

"Ile kubwa, ukutani."

"Pana kitu ukutani?"

Nilicheka. Nilidhani ni ule ujanja wake. Uwimbabazi hakucheka. Akaisogeza karatasi, akaisogeza tena, akaisogeza mpaka ikawa karibu kumfunika Laurensia uso, ndipo wifi yangu akaanza kuonyesha, mkono wake ukifuata vizuri mpaka alama za chini ambazo mimi nilizibahatisha.

Tuliambiwa mambo mengi hapo na mimi niliyashika kama maji. Kwamba jicho la Laurensia limerefuka kuliko kawaida, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali inaangukia mbele, haifiki kwenye utando wa nyuma unaoipokea, na anachopata ni ukungu. Cha karibu kinafika sawasawa. Kwa hiyo anaona fukusi na haoni ng'ombe, na vyote ni kweli. "Kwenu yupo mwingine hivi?" akaulizwa. Laurensia akafikiri. "Baba yangu akinitafuta uani huwa ananiita jina kwanza," akasema. Mama na mimi tukatazamana. Kiburi cha Cassian cha Kimuli, kilichosemwa miaka na miaka!

"Ni cha kurithi, basi," nikasema, nifunge shauri.

"Kurithi kupo," Uwimbabazi akasema. "Ila na utoto nao unachangia. Ulikua ukifanya nini?"

Laurensia akaeleza kwamba alilelewa na bibi yake msusi, wakishinda ndani na vikapu tangu hajui kusema vizuri. Uwimbabazi akatikisa kichwa kukubali, akatueleza. Mtoto anayeinamia kazi ya karibu kutwa, hatoki kwenye mwanga wa nje, hatazami mbali, jicho lake huwa rahisi zaidi kurefuka.

"Sasa ni damu au ni vikapu?" nikauliza. Mimi nataka jibu moja.

"Vyote, dada. Na kwake sijui kipi kimezidi."

"Na wewe umesomea?"

"Nimesomea," akasema, akicheka. "Ndiyo maana nakwambia sijui."

Nilikasirika kidogo. Unaenda kwa mtaalamu kupunguza mkanganyiko, anakurudishia na wa kwake.

Lililoniuma zaidi lilikuwa jingine. Nilimgeukia wifi yangu nikamuuliza kwa nini miaka yote hakusema. Akanishangaa. "Niseme nini? Nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Nilidhani nyinyi mnatambuana kwa sauti na nguo, ila mna akili kuliko mimi." Na shuleni? Shuleni alikaa nyuma, hakusoma ubao, wakasema kichwa kizito. Nyumbani hakuinua macho, wakasema ana adabu. Angeinua atazame nini?

Katika masanduku yao ikapatikana miwani iliyokaribia kipimo chake, aanze nayo wakati nyingine inatengenezwa. Alipoivaa akatoka nje ya ukumbi akasimama. Alitazama mlima wa ng'ambo, akatazama migomba, akasema, "Majani yamechanika-chanika," kama habari mpya. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mbali langoni.

"Wifi Vero! Kumbe umekunja uso! Siku zote nilidhani unanichekea."

Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikujua nicheke au nimfukuze.

Uwimbabazi akatuuliza kabla hatujaondoka: ana mtoto? Yupo, tukajibu. Ana shida yoyote ya kuona? "Hana," Laurensia akasema haraka. "Mtoto wangu ana adabu sana." Uwimbabazi alitaka kusema kitu, lakini foleni ilimsukuma, akasema tu tumlete siku watakayorudi. Tulikuwa na mawazo ya Jumapili, tukaondoka.

Usidhani miwani ilimaliza kesi. Iliiongeza. Majirani wakasema miwani ni ya walimu na wazee, mwanamke kijana anayevaa anataka aonekane msomi. Wengine wakasema miwani inakula macho na ataishia kupofuka. Na Laurensia, maskini, kwa kuwa dunia ilikuwa mpya, alitazama kila kitu. Aliingia na chai ya baba, akapiga magoti, akainua uso akamtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alitaka tu kumjua. Baba akaacha kikombe.

"Jana hanioni, leo ananikodolea! Mnaniambia huo ni ugonjwa gani?"

Na nikiwa mkweli, nilimwelewa. Mama alimweleza habari ya jicho refu, akamwonyesha na miwani yake mwenyewe. Baba alisema yeye si mtoto.

Jumapili baada ya ibada ukoo ukakaa. Jua lilikuwa kali, wanaume wakajaa barazani kivulini, baba katikati yao akiwa na shati tu. Koti lake alikuwa amelitundika kwenye nguzo ya kichanja cha kuanikia kahawa, upande wa pili wa uwanja, na kofia yake juu ya nguzo. Sisi wanawake tulikaa mkekani, Laurensia na miwani yake, begi lake dogo nyuma ya mlango. Cleophace alisema mke wake haoni mbali, akasema tena, na kila alivyosema ndivyo lilivyosikika kama uongo. Mjomba mmoja akauliza kama si hiyo miwani iliyomfundisha uongo huo. Nilijibu vibaya, nikaambiwa nikae.

Kisha baba akasema kwa upole, na upole wake ndio ulinitisha. "Sina ubaya na Cassian. Binti yake aende akatulie. Mtoto tutamlea. Mtoto huyu ana adabu, haijatoka Kimuli, imetoka hapa. Vero, mwite aje awaamkie wazee, waone."

Nikainuka nikaenda upande wa jikoni. "Aine! Nenda ukamwamkie babu."

Ainebyona akatoka jikoni, kikapu alichoanza kusuka bado mkononi. Akakiweka chini vizuri. Akafuta mikono kwenye gauni. Akaanza kutembea, kichwa chini, taratibu, na wazee barazani wakaanza kutabasamu, maana kweli alipendeza. Akaipita baraza. Akavuka uwanja mpaka kwenye kichanja cha kahawa, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya koti.

"Shikamoo babu."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba alipiga paja. Mtoto hakugeuka. Alikuwa amefundishwa kusubiri marahaba, akasubiri, na ilipochelewa akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikika. "Shikamoo babu."

Laurensia ndiye pekee ambaye hakucheka tangu mwanzo. Alikuwa ameona mapema kuliko sisi, tangu mtoto alipoipita baraza, kwa sababu sasa alikuwa anaona mbali. Aliziba mdomo kwa kanga. "Jamani," akasema, "na yeye." Kicheko kikaanza kufa mtu mmoja mmoja.

Baba alisimama. Mzee Placidius, ambaye sijawahi kumwona akimfuata mtu ili aamkiwe, alishuka barazani bila viatu, akavuka uwanja mbele ya ukoo wake wote. Alipofika karibu na mtoto alisubiri kuona kama atageuka. Hakugeuka. Akasogea, akasogea tena, mwishowe akachuchumaa, akainamisha uso wake mpaka ukawa karibu kugusana na wa mjukuu wake.

"Marahaba, Aine."

Mtoto akarudi nyuma kidogo. Akamtazama babu yake, akalitazama koti, akarudi kwa babu.

"Babu, kwani mko wawili?"

Baba alimbeba mtoto, na ilimchukua muda kuinuka kwa sababu ya magoti yake. Aliporudi hakwenda barazani. Alikuja mpaka kwenye mkeka wetu, akasimama mbele ya mkwe wake, mtoto begani.

"Wale watu wa macho," akamuuliza, "wanarudi lini?"

Laurensia akapiga magoti, akamjibu akimtazama usoni, na hakuna aliyemkemea.